Chakula cha Moto Bila Moto

Sheria ya Ignace, mkuu wa bandari ndogo ya Kyavinyonge, ilikuwa fupi: hakuna moto ndani ya boti inayobeba petroli. Aliitangaza baada ya mbabula, jiko la makaa la abiria mmoja, kupinduka katikati ya ziwa. Makaa yaliangukia bidon ya petroli, na boti ya mbao ikaungua mpaka usawa wa maji. Watu waliokolewa wote, lakini Ignace, aliyetumwa huko kutoka Mbandaka kabla ya vita na ambaye hakuwa amepata njia ya kurudi, hakutaka kuona jambo lile mara ya pili.

Débora, ambaye boti yake ilibeba petroli ya mota, aliiona sheria hiyo kuwa sahihi, ingawa ilikaribia kumfungia kazi. Barabara ya kusini ilikuwa imekatika tangu wanajeshi wagawane vilima vya juu ya Kirumba, na watu wa Butembo na Beni waliotaka kufika ng'ambo walipita ziwani. Kuvuka kulichukua karibu mchana mzima. Akina mama wa kanisa walikuwa wakienda mkutanoni Vitshumbi, na kiongozi wao, Mariette wa Mulekera, alisema wazi kwamba wazee hawawezi kushinda kwenye upepo na bukari, ugali wa kwao, ikiwa baridi. Ignace naye alijua kwamba abiria mwenye njaa huwasha mbabula kwa siri. Kwa hiyo aliweka sharti: Débora akiwapa watu wake chakula cha moto bila moto, ataruhusiwa kubeba abiria. Akishindwa, boti yake itabeba chumvi na maharagwe tu. Ilikuwa boti pekee katika ufuko ule iliyoandikishwa kwa jina la mwanamke.

Shemeji yake Jephté, mfanyabiashara wa Butembo, alikuwa na jibu tayari. Alikuwa amerudi kutoka Dubai na micro-onde, sanduku jeupe la kupasha chakula kwa umeme.

"Shemeki, hii hapana moto," alimwambia. "Hakuna moshi, hakuna majivu. Unafunga mulango, unangojea kidogo, bukari inatoka sawa ya asubui."

"Na umeme?"

"Niko na ka-groupe, jenereta kadogo. Kanatoa wati mia sita na makumi tano. Angalia ku mulango: mia saba. Inakosa kidogo tu. Tutatia chakula kidogo."

Débora alikuwa amefundisha upishi katika shule ya ufundi mpaka mishahara ilipokatika. Aliigeuza mashine na kusoma kibandiko cha mgongoni. Kilisema wati elfu moja na mia moja.

"Ile ya mulango njo nguvu inafika ku chakula," alisema. "Ya mugongo njo inakula ku groupe. Hata utie kaharagi kamoja, itakula vile vile."

Jephté hakukubali mpaka alipowasha. Groupe ilikohoa mara moja, ikazima.

Hata hivyo Débora hakuikataa mashine kwa kosa la groupe. Alikodi groupe kubwa zaidi Beni, akaifunga nyuma ya boti, mbali na bidon, na Ignace akaikubali kama alivyoikubali mota. Ufukoni walijaribu sahani moja ya bukari iliyofunikwa kwa kitambaa chenye maji, maana bila maji pembe zinakauka kama tofali. Ilitoka laini, ikifuka mvuke. Jephté alitembea ufukoni kama bwana harusi.

Wakati huohuo Débora alitengeneza kitu kingine: sanduku la mbao lililojazwa blanketi na majani makavu ya migomba. Shuleni waliliita marmite norvégienne, sufuria ya Kinorwe: chakula kinachotokota hujimalizia kuiva humo kwa joto lake. Asubuhi ya safari alichemsha maharagwe mpaka yakaanza kulainika, akahakikisha sufuria imejaa, kwa sababu iliyojaa nusu hupoa upesi, akaizika mle ndani ikiwa bado inatokota. Juu yake aliweka bukari iliyosongwa muda uleule, imefungwa katika majani mabichi ya mgomba.

"Mama Sagesse, unapeleka maiti?" Mariette alimwuliza Débora, akimwita kwa jina la mtoto wake, alipoliona sanduku likipakiwa.

"Ni maharagi, Mama. Yatafufuka saa ya kula."

Wakakubaliana: wanawake waliokaa nyuma watakula chakula cha mashine, waliokaa mbele watakula cha sanduku, na Ignace, aliyeketi katikati, ataamua.

Adhuhuri Jephté aliwasha groupe. Sahani ya kwanza alipewa Ignace kama mgeni, na Ignace akala palepale.

"Iko moto," alisema. "Inapita, Débora. Utabeba bantu."

Débora angeweza kunyamaza na kupokea ruhusa hiyo.

"Ungoje kidogo, shefu," alisema.

Sahani ziliendelea kutoka, moja baada ya nyingine. Kila moja iliwekwa juu ya magoti ya mama mmoja, ikakaa hapo. Katika kanisa lile hakuna aliyegusa chakula kabla ya maombi, na hakuna maombi kabla ya wote kupata. Jephté alikuwa ameijaribu mashine yake kwa sahani moja na mdomo mmoja. Sahani ya mwisho ilipotoka, upepo wa ziwa ulikuwa umezipoza za kwanza. Na Mariette hakuomba kwa ufupi. Aliwakumbuka waliokimbia kutoka Kipese, wagonjwa, na waliofungwa.

Baada ya amina Débora alifungua sanduku. Mvuke ulipanda mpaka mama wa mbele akarudisha uso.

"Ile ni kudanganya," Jephté alisema. "Ya mimi imengojea ku upepo, ya wewe imengojea ndani ya blanketi."

"Njo kazi yake, shemeki. Kungojea."

Alimwomba Ignace aguse sahani ya Mariette, aliyekuwa wa kwanza kupewa miongoni mwa wanawake. Ilikuwa baridi. Kisha akamwonyesha bukari ya sanduku, na Ignace akavuta kidole haraka.

"Lakini ya mimi ilikuwa moto," alisema.

"Ya wewe ulikula mbele ya maombi, shefu," Mariette alimjibu. "Tuliona."

"Mimi ni mukatoliki, Mama."

"Bakatoliki pia banaombaka."

Boti nzima ilicheka, na Ignace pia. Kisha akamgeukia Débora.

"Donc unataka nikatae mashine?"

"Hapana. Iko muzuri kwa mutu mumoja. Kwa bantu makumi mbili, ruhusu sanduku. Na useme sufuria ijae."

"Itajaa. Utabeba bamama, kwenda na kurudi."

Mariette aliwatangazia wenzake kwamba watarudi kwa boti hii. Wanawake wa nyuma walisogea mbele, wakakunja miguu kuzunguka sufuria. Jephté alizima groupe, akasita kidogo, kisha akanyoosha mkono na kupewa jani lake la bukari.

Débora, kama mpishi, alikula wa mwisho. Bukari ilimchoma vidole. Hakuipuliza.