Dawa Kwenye Mboga

Dawa za mdogo wangu nilikuwa nazisaga kwa kitako cha chupa ya soda, juu ya ubao wa kukatia nyanya. Vidonge viwili, unga kidogo tu, kisha nakoroga kwenye mboga yake. Nilifanya hivyo miezi mitatu na sikumwambia mtu.

Clementi alikuwa na miaka thelathini na nne. Ugonjwa wa akili ulimwanzia akiwa anavua visiwani. Alisikia watu wakimsema kutoka ndani ya maji. Akalazwa, akapata nafuu, akaletwa kwangu Kamunyonge, kwa sababu wazazi wetu wa Butiama walishakufa na mimi ndiye kaka. Kila Jumanne alikuja Jenipher, mhudumu wa afya wa mtaa wetu, kumwona. Jumamosi sisi tunaouguza tulikutana kwenye ukumbi wa kanisa pamoja na wagonjwa wetu, tukaelezana tulivyoshinda wiki.

Jenipher alisema Clementi apewe dawa mkononi, ameze mwenyewe, nione. Clementi alizitema. Alisema zinamkaza shingo. Wakati huo mke wangu Boke alikuwa ameshaondoka na Rhobi na watoto wengine, amerudi kwao. Majirani wanasema alimkimbia mgonjwa. Si kweli. Aliniambia, "Clementi anaongea na watu ambao hawapo. Mimi nipo, na wewe huongei na mimi." Hakukosea. Nilikuwa nashinda Mwigobero natengeneza injini za boti, nikirudi nyumbani nalinda mtu. Nikachoka. Nikachukua chupa ya soda, nikaanza kusaga.

Kosa langu lilionekana kwenye kula. Sisi tumekua tunakula sinia moja. Kwetu ndugu wa kiume hawatengani chakula. Ukiona mtu amempakulia ndugu yake kando, kuna jambo. Lakini mboga ile ilikuwa na dawa, nisingeweza kuila. Nikaanza kumpakulia kando.

"Kaka, mbona siku hizi unakulaga peke yako?"

"Tumbo linanisumbua."

"Kwenye sinia linasumbua, kwenye sahani halisumbui?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Wiki iliyofuata akaacha chakula changu. Alikula ndizi, na mayai ya kuchemsha aliyoyamenya mwenyewe. Nikimwekea ugali anautazama mpaka unapoa. Akasema, "Unaniwekea sumu." Dawa ikakatika hapo hapo, usingizi ukampotea, akaanza tena kuongea dirishani. Jumamosi nikasimama kwenye kikundi, yeye mwenyewe amekaa palepale, nikasema ugonjwa umemrudia mdogo wangu, sasa anaona sumu kwenye chakula cha ndugu yake. Watu walimsikitikia. Bibi mmoja akamshika bega. "Mwanangu, huyo ni kaka yako. Hawezi." Clementi alitazama sakafu.

Jumanne Jenipher akaja, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja.

"Baba Rhobi, na wewe huwa unamwekea nini?"

Macho yangu yakaenda kwenye ubao wa nyanya. Akayafuata, akajua.

"Nilitaka apone," nikasema.

"Najua. Lakini akila nusu anapata nusu, akiacha anakosa zote, na hata mimi sijui amemeza ngapi. Na hilo la sumu siyo ugonjwa, baba. Ameona kitu ambacho kipo. Mwambie."

"Akijua hatakula kwangu tena."

"Kwani sasa hivi anakula?"

Nikasema nitamwambia jioni. Jioni hakuwepo.

Nilimtafuta siku mbili, Mukendo yote, ufukweni, mpaka makaburini. Unamwuliza mtu kama amemwona mdogo wako, naye anakuuliza, "Yule kichaa?" Inabidi ujibu ndiyo, ili akwambie. Siku ya tatu Gaudensia, mama wa mtaani kwetu anayepeleka dagaa Bunda, akanipigia simu.

"Baba Rhobi, mtu wako yuko huku Bunda, stendi. Miguu imevimba, nadhani ametembea. Chai yangu ameikataa. Mahindi ya kuchoma anakula, ila mpaka ayatoe mwenyewe kwenye moto."

Nikaenda. Nilimkuta amekaa juu ya tairi bovu, hindi mkononi. Nikakaa chini, kwenye vumbi.

"Nilikuwa nakuwekea dawa," nikasema. "Zile za hospitali. Kwenye mboga. Siyo sumu."

Alitafuna mpaka akamaliza.

"Tangu lini?"

"Miezi mitatu."

"Kwa hiyo niliona kweli."

"Uliona kweli."

"Na ukasimama mbele za watu ukasema ni ugonjwa."

"Ndiyo."

Akacheka kama mtu aliyechoka. "Kichwa changu kinanidanganyaga, Alfonsi. Nakijua." Aliniita jina, hajawahi. "Nikisikia mtu ananiita, nilikuwa nakuangalia wewe. Ukiwa hujageuka, najua hakuna mtu, nanyamaza. Sasa nitamwangalia nani?"

Nikamwambia turudi nyumbani.

"Narudi. Ila Jumamosi utasimama tena, useme ulichofanya. Na mimi niwepo."

Jumamosi ikafika, nikasimama. Nilisema kwa maneno machache, kwa sababu mengi sinayo. Halafu Mama Enos, anayemwuguza mwanawe wa kwanza, akasema bila kuinua uso, "Mimi nilikuwa naweka kwenye uji. Mwaka mzima." Mwanawe akageuka kumtazama. Sijui kwao kuliendaje.

Jenipher akaenda na Clementi hospitali. Safari hii aliyezungumza na daktari ni Clementi mwenyewe, si mimi. Wakakubaliana sindano ya kila mwezi, kwa kipimo ambacho hakimkazi shingo. Kadi anakaa nayo yeye, tarehe anazijua yeye. Gaudensia akampa kazi ya kuanika dagaa ufukweni. Asubuhi anatandaza, mchana anageuza, mvua ikitishia yeye ndiye wa kwanza kuona. Wanawake wa pale wanamtania, wanamwita mkwe. Analala vizuri. Kwenye kikundi wanamtaja kwa wageni kama mfano, na mimi nakaa nyuma napiga makofi na wenzangu. Nafurahi, lazima niseme. Hivi ndivyo tulivyotaka.

Bado anakaa kwangu, chumba cha uani. Amenunua jiko lake la mkaa na sufuria yake, na unga wake anaufungia kwa kufuli. Asubuhi ananisalimia vizuri. Nikiumwa ananiletea maji. Sauti zikimjia, siku hizi anatoka nje kwenda kumwuliza jirani.

Jumapili iliyopita nilitoka na ndoo kwenda bombani, nikamkuta uani anakula ugali kwa sato wa kuchemsha. Kwetu anayekula humkaribisha yeyote anayepita, hata mpita njia asiyemjua. Ni adabu tu. Na mpita njia naye anajua la kujibu.

Clementi akainua uso.

"Karibu."

Alisema vizuri, bila hasira. Hakusogea. Kulikuwa na kigoda kimoja, amekikalia.

Nilikuwa sijala tangu jana yake. Ukipika kwa ajili ya mtu mmoja, siku nyingine unaona bora uache.

"Asante," nikasema. "Endelea tu."

Akaendelea.