Watoto Tisa wa Kitabu cha Wodi

Kavutha alikuwa amesimama na mikono juu, tepu ya kupimia imemzunguka kifua, alipolitoa lile neno. Muuguzi mmoja, hakumtaja jina, alikuwa ametolewa chuoni kwa sababu ya siku mbili zilizokosa sahihi kwenye kitabu chake cha wodi.

"Mbili tu, Mama Jacky. Masomo yake yote yakaishia hapo. Huko hawachezi."

Aluoch alikuwa na pini tatu midomoni. Aliandika inchi za kifua kwenye daftari, kisha akagundua ameziandika mahali pa kiuno.

Kwa miaka kumi na tisa, katika kibanda chake pale sokoni Umoja, alikuwa akiwashonea wauguzi kama Kavutha sare, na kutoka kwao alisikia mengi: nani amehamishwa, wodi gani imeishiwa glavu, daktari gani anafokea watu. Mengi aliyasahau nguo ikishachukuliwa. Hili halikutoka. Alikanyaga cherehani nalo, akaenda nalo nyumbani, akala nalo.

Jacky, bintiye wa pekee, alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi kule Eastleigh mwaka wa kumi na tatu sasa. Alikuwa na diploma. Shahada aliyoifuata ilikuwa ya watu kama yeye, walio kazini tayari: masomo kwenye simu na wikendi, mazoezi katika wodi ile ile anayofanyia kazi, na kila siku ya mazoezi inaingizwa kitabuni. Akina mama wangapi, watoto wangapi, uzito gani, na mwisho wa mstari sahihi ya Sista Nabiswa, msimamizi wake. Aluoch alikipenda kitabu hicho. Jacky akilala baada ya zamu, yeye alikifungua kwenye meza na kuwahesabu watoto. Kibandani alikuwa ameshaanza kumshonea gauni la mahafali, lining'inie kwenye msumari, pindo lake bado la pini.

Basi alijua kwamba kilikuwa na mistari sita mitupu. Tarehe tatu hadi nane Juni. Alijua pia kwa nini. Siku hizo yeye Aluoch alilazwa na presha, na Jacky alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, akimlisha uji.

"Na zile siku sita?" alimuuliza Jumatano, akijifanya anapanga vikombe. Kitabu kilitakiwa chuoni Ijumaa.

"Nimeshashughulikia, Mum. Usijipandishie presha tena."

Aluoch aliona hilo ni jibu la kumtuliza mgonjwa. Kulikuwa na karatasi za kanuni za chuo, kurasa thelathini na kitu, Kiingereza kitupu. Yeye aliishia darasa la saba. Barua aliweza, Biblia aliweza, lakini sentensi zile zilianza juu ya ukurasa na kuishia chini kabisa. Alifunua moja moja akitafuta neno "six", kana kwamba chuo kilijua habari zao. Angeweza kumrudia Jacky. Angeweza kuzipeleka kwa mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili. Hakufanya hivyo, kwa aibu ya kuonekana anapekua mambo ya mtu mzima.

Alhamisi saa nane mchana, Jacky akiwa zamu, alikitoa kitabu kwenye rafu.

Kunakili ndiyo kazi yake. Mletee blauzi iliyochakaa, atakupa mpya yenye kola ile ile na mikunjo ile ile, hutajua ipi ni ipi. Alitandaza karatasi nyembamba ya kukatia mitindo juu ya sahihi ya Sista Nabiswa, akaifuata kwa penseli mara kumi, mara ishirini, hadi mkono ukaizoea. Ilikuwa na kitanzi mwanzoni kama tundu la kifungo. Kisha akachukua kalamu ya buluu. Mama mmoja, mtoto mmoja. Akina mama wawili, watoto wawili. Uzito aliunakili kutoka kurasa za Mei, ila mtoto wa mwisho, ambaye alimpa kilo tatu na robo. Jacky alizaliwa na kilo tatu na robo.

Watoto tisa kwa jumla. Alipomaliza alipuliza wino ukauke. Hakuona tofauti yoyote, na kwa kweli alijivuna.

Akakishonea mfuko wa kaliko kisichafuke njiani, akaufunga mdomo kwa uzi. Ijumaa asubuhi Jacky alicheka. "Mum, hata kitabu unakivalisha?" Akaenda nacho chuoni hivyo hivyo, bila kukitoa.

Wiki tatu baadaye alikuja kibandani na sare yake ya kazini, akaketi kwenye benchi la wateja. Alikuwa na barua. Hakupaza sauti.

"Mum, uliandika wewe?"

Aluoch aliondoa mguu kwenye cherehani. "Nilikuwa naziba tu mwanya. Kavutha alisema..."

"Nilikuwa na ruhusa ya chuo. Niliwaandikia siku uliyolazwa, wakanijibu kwa barua yenye muhuri. Siku sita ningezilipa Agosti." Alikunja barua, akaikunjua tena. "Sasa wana barua yao inayosema sikuwa wodini, na kitabu kinachosema nilizalisha watoto tisa. Wameenda kuwatafuta kwenye rejista ya wodi. Hawapo."

"Ungeniambia, nyathina, mwanangu."

"Nilikuambia nimeshughulikia."

Jacky alimkataza asiende kwenye kikao alichoitwa na chuo kuhojiwa. Aluoch alikwenda, na nguo yake ya kanisani, akaketi nje kwenye kiti cha plastiki. Kupitia mlango uliokuwa haujafungwa vizuri alimsikia bintiye akiulizwa ni nani aliyeandika mistari ile, na akamsikia bintiye akinyamaza. Hapo akasimama, akasukuma mlango, akasema aliyeandika ni yeye.

Walimpa karatasi athibitishe. Aliandika mstari mmoja mbele ya watu watano, na mwishoni akaweka sahihi ya Sista Nabiswa, pamoja na kile kitanzi. Mwenyekiti, mama mwenye miwani, alitazama karatasi, akatazama kitabu, akamwita mama, akamwambia waziwazi kwamba wanamwamini. Sauti yake ilikuwa ya upole, na Aluoch angeona afadhali akaripiwe. Kanuni inasema kitabu kisitoke mikononi mwa mwanafunzi hadi kiwafikie, na mtoto aliyeandikwa bila kuzaliwa ni kosa kubwa, aliyeandika awe nani. Mazoezi ya mwaka mzima yamefutwa. Kuyarudia kunahitaji mwaka, na muda wa Jacky wa kumaliza shahada umebaki miezi minne. Anaweza kukata rufaa ndani ya siku kumi na nne.

Nyumbani Jacky hakumgombeza. Alimshukuru kwa chai. Alimpima presha kila asubuhi kabla ya kutoka, akaandika namba kwenye kadi, akatia sahihi yake pembeni kama alivyozoea.

Siku ya tisa ya zile kumi na nne Kavutha alikuja kuchukua sare. Aluoch alimuuliza yule muuguzi aliyetolewa ni nani hasa. Kavutha alijitazama kwenye kioo, akavuta kola. Hakuwa anamjua, alisema. Naye aliambiwa tu, na mtu aliyeambiwa.

Alipoondoka, Aluoch alikata kipande cha karatasi ya kaki, ile ya mitindo, akaandika kwa herufi kubwa, akakibandika kando ya kioo, mahali ambapo wauguzi husimama wakipimwa na mama zao wakati mwingine huja nao. Mistari miwili ya chini aliiandika kwa chaki, midogo, ya kujisomea mwenyewe.

MZAZI MWENYE MTOTO ANAYESOMA AKIWA KAZINI

Usishike kitabu chake cha wodi, hata kukipangusa vumbi.

Usichukue habari za chuo kutoka kwa mtu anayepimwa nguo.

Usimuulize jambo kisha ukakataa jibu lake.

Usione haya kusema Kiingereza hicho hukielewi. Tafuta wa kukusomea.

Usijaze mstari mtupu.

Usiandike mtoto ambaye hukumsikia akilia.

Usimwambie ulikuwa unamsaidia.

Usimuulize kama ameandika rufaa.

Usikunje pindo la gauni la mahafali. Liache kwenye msumari na pini zake.