Shaame Alipolumbana na Moshi

Usingizi uliomchukua Shaame Kombo alasiri ile haukuwa usingizi wa mtu aliyeshiba, wala wa mtu aliyechoka kwa kazi. Ulikuwa usingizi wa mtu aliyegombana. Tangu asubuhi alikuwa akimfuata shangazi yake, Bi Mize, katika masoko ya vitambaa ya mji ule wa ugenini, mji ambao jua lake lilikuwa kama kiini cha yai bovu kilichozama kwenye uji wa majivu, na maghorofa yake yalipotea vichwa kabla jicho halijayamaliza. Bi Mize, ambaye biashara ya mapazia ilikuwa imemfikisha huko mara nyingi, alijifunga barakoa kabla hata ya kufungua mlango wa nyumba ya wageni, akamnyooshea ya pili mtoto wa kaka yake. Shaame aliitazama kama mtu aliyepewa kiatu cha mwenziwe.

"Kwetu Micheweni," alisema, "anayefungwa mdomo ni aliyeshindwa."

Na kweli ndivyo ilivyokuwa katika chama chao cha malumbano. Mshairi aliyekosa jibu hufungwa leso mdomoni na mshindani wake, akakaa nayo mbele ya watu mpaka baraza livunjike. Shaame, aliyejifunza mizani peke yake kwa kuzihesabu vidoleni akiwa juu ya mkarafuu, hakuwahi kufungwa leso hata siku moja. Na jioni ile ile watu wa kwao waliohamia mji ule walikuwa wamemwalika aje awaghanie.

"Hapa nani analumbana na wewe?" aliuliza Bi Mize. "Moshi huu hauna masikio, mwanangu. Na wewe una pumu tangu unanyonya."

"Pumu nimeiacha utotoni, shangazi."

"Haya. Ngoja tuone kama nayo imekuacha."

Kufika adhuhuri kifua chake kilikuwa kikilia kama birika, naye akajifanya anachagua vitambaa ili ainame na kupumua. Waliporudi hawakuwa wakisemeshana. Shangazi aliingia chumba cha pili kufunga mizigo. Shaame akafungua dirisha kwa hasira, akajitupa kitandani, na kope zikafumba huku ile hewa ya kijivu ikiingia taratibu kama mgeni asiyebisha hodi.

Akajiona amesimama katika nchi isiyo na kivuli, kwa kuwa hapakuwa na mwanga wa kukitengeneza. Ardhi ilikuwa laini chini ya nyayo, na alipoinama aliona ni masizi, yamejikusanya tabaka juu ya tabaka. Mbele yake alitokea kijana wa makamo yake, kanzu nyeupe imepigwa pasi, kifua mbele, akatoa salamu kama anayemjua miaka yote. "Mimi ni Kiburi," alisema, "nimetembea na wewe tangu Micheweni, ila leo ndiyo umeniangalia usoni. Twende. Mwenye nchi hii ni Moshi, na hajapata mshairi wa kumnyamazisha." Shaame alifurahi, maana maneno yale alikuwa akiyangoja kwa mtu yeyote siku nzima.

Langoni mwa mji walimkuta mtu mnene amekaa juu ya gunia, midomo myeusi, anakohoa na kutabasamu kwa zamu. Huyo alikuwa Mazoea. "Karibu, kaka," alisema. "Mwanzo hewa hii inawasha, kisha inakera, kisha huisikii. Mimi siisikii tena." Alikohoa, akatema kitu kiganjani, akakifunika upesi kwa vidole. Shaame alitaka kuuliza ni nini, lakini Kiburi alimvuta mkono.

Njia yao ilipita kando ya ua mmoja, na humo Shaame aliona jambo lililomsimamisha nywele. Kamba zilikuwa zimefungwa toka ukuta hadi ukuta, na juu ya kamba, pale ambapo watu huanika nguo, yalianikwa mapafu. Yalikuwa yakinywea na kujaa, yakinywea na kujaa, bila wenyewe. Mengine yalikuwa ya kijivu, mengine meusi kama sufuria ya kuni. Mwanamke mmoja mwembamba, mikono imelowa mpaka viwikoni, alikuwa akiyafua moja moja kwenye beseni, na maji yake hayakusafika kamwe. Pua na mdomo wake vilikuwa vimefungwa kwa kitambaa.

"Usimsalimie," alinong'ona Kiburi. "Ameshafungwa leso huyo."

Lakini mwanamke aliinua macho. "Naitwa Hadhari," alisema, bila haraka. "Hili la mwisho ni lako, Shaame. Tazama viraka vyake; ni vya utotoni, mama yako alivishona kwa kukesha. Nisikilize, maana sisemi mara nyingi. Katika nchi ya Moshi usitoke asubuhi, wakati amelala chini. Ngoja upepo umwamshe. Acha barabara kuu, pita vichochoro. Funga dirisha. Ukirudi, nawa uso, safisha pua, na dawa yako ya kuvuta ikae mfukoni, isikae sandukuni. Na ukitoka, jifunge."

"Kujifunga ni kukubali kushindwa."

"Anayeshindwa hufungwa na mwenziwe," alisema Hadhari. "Anayejifunga mwenyewe ana siku nyingine ya kusema." Kisha akarudi kwenye beseni lake.

Shaame aliondoka, lakini shingo ilibaki imegeukia kambani. Walifika uwanjani. Umati ulikuwa umesimama kimya, vinywa wazi, na katika kila kinywa palitoka uzi mwembamba wa moshi badala ya sauti. "Hawa nani?" aliuliza. "Washairi," alijibu Kiburi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetereka.

Hapo Moshi akaja. Hakuwa na uso. Aliinuka kutoka ardhini, akashuka kutoka juu, akazunguka, mpaka Shaame hakujua amsemee upande upi. Akapanua kifua, akaghani:

*Moshi usio na jiko, watoka kwa nani wewe?*
*Sivai mie funiko, kifua changu ni jiwe,*
*Utaondoka uliko, ufungwe leso, ujuwe,*
*Mimi sijafungwa leso…*

Kipande kilichobaki cha kituo, ule mshororo wa mwisho, hakikutoka. Kila alipovuta pumzi ya kukisema, aliyeingia alikuwa Moshi mwenyewe, laini, mwenye adabu, akishuka kooni kama anayeshuka ngazi za nyumba yake. Shaame alihesabu vidoleni mizani zilizosalia, na vidole vikafa ganzi kimoja kimoja. Aligeuka kumtafuta Kiburi. Akamwona nyuma ya umati, amejikunyata, ameivuta ile kanzu nyeupe na kuziba pua na mdomo kwa ukosi wake.

"Wewe?" Shaame alijaribu kusema. "Wewe unajifunika?"

"Mimi sikusema mimi nisijifunike," alijibu Kiburi kutoka ndani ya kitambaa. "Nilisema wewe usijifunike."

Mbali kule uani kamba moja ilikatika. Shaame alisikia kitu kizito na chenye maji kikianguka juu ya masizi, na akajua ni cha nani.

"Shaame! Kaa. Kaa wima, mwanangu. Vuta."

Kitu baridi cha plastiki kilikuwa katikati ya meno yake. Bi Mize alikuwa amempakata kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anaibonyeza ile dawa ambayo Shaame aliiacha sandukuni. Alivuta. Akavuta tena. Polepole kamba iliyombana kifua ililegea, na chumba kikarudi: mizigo ya mapazia mlangoni, dirisha ambalo shangazi alikuwa ameshalifunga, kofia yake juu ya kiti.

"Nimewapigia simu hao watu wako," alisema Bi Mize. "Nimewaambia huendi."

"Wapigie tena, shangazi. Waambie nakuja, kama baraza ni la ndani na madirisha yamefungwa." Alisikiliza pumzi yake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Ile barakoa iko wapi?"

Bi Mize aliitoa mkobani, na wala hakucheka, ingawa alikuwa na haki ya kucheka. Alitaka kumvisha. Shaame alimzuia mkono kwa upole, akaipitisha kamba sikio la kulia, kisha la kushoto, akaibana puani. Nje ya kioo Moshi alikuwa amesimama kila mahali, bila uso, akingoja. Shaame aliinua vidole vyake, akahesabu, na kituo kilichokwama kikatoka, kimezibwa kidogo na kitambaa lakini kimetimia mpaka mizani ya mwisho:

*Mimi sijafungwa leso, nimejifunga mwenyewe.*