Kidonge Alichokishika Liborio

Pale kwetu Luque, aliyetaka kinubi kizuri alimwendea Liborio Ayala, au Gaspar Insfrán. Mafundi hao wawili hawakuwa wakisalimiana tangu walipogombania mbao za mwerezi, na mji ulishazoea.

Mwaka uliotangulia kisa hiki, moyo ulikuwa umemwangusha Liborio karakanani. Madaktari wakamzibua mshipa, wakamwagiza ameze aspirini ndogo kila siku, asiache. Kaka yake aliacha ya kwake na akazikwa, basi Liborio alikishika kidonge kile kama kiapo.

Joto lilipoingia akaanza kuchoka. Akipanda ngazi za mlangoni tu, anatweta.

"Baba Nélida, umepauka kama unga wa muhogo," alisema mkewe, Sinforiana. "Twende hospitali."

"Moyo tu huu. Dawa yake naijua."

Dawa aliyoijua ilikuwa kumeza vidonge vitatu vitatu kwa siri, maana aliogopa kulazwa. Tumbo lilimchoma, akasingizia terere, ile chai baridi ya majani aliyokunywa asubuhi kabla ya kula. Choo kikawa cheusi kama lami, kinanata. Hilo nalo akalinyamazia.

Siku ya ubatizo wa mjukuu wao, Liborio aliinuka ampokee mtoto, akaketi tena ghafla, akatapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa. Binti yao Nélida alimkumbatia mwanawe huku wanaume wakimbeba Liborio hadi garini.

Hospitalini, daktari Otazú, mwanamke mpole, alimpitishia kooni mpira wenye kamera. Alipomaliza akavuta kiti.

"Mzee wangu, moyo unahangaika kwa kukosa damu. Tumbo lako lina kidonda, limekuwa likivuja siku nyingi. Ulikuwa ukimeza vidonge vingapi?"

Liborio alimtazama mkewe kwanza.

"Vitatu. Nikizidiwa, naongeza."

"Yesu wangu!" Sinforiana alisema. "Nami nalala ubavuni mwako, sijui kitu!"

Hakulia. Alikunja shali lake, akalikunjua, akalikunja tena.

Damu ilitakiwa, na katika ndugu ni wachache tu waliofaa kutoa. Kesho yake mchana aliingia Gaspar, pamba imefungwa mkononi.

"Umefuata nini huku?" Liborio aliuliza kwa sauti iliyokatika.

"Nimeshatoa damu. Sasa angalau ndani yako mna fundi."

Liborio alitaka kucheka, yakamtoka machozi.

"Zile mbao zilikuwa zako, Gaspar."

"Najua. Lala, bwana."

Siku ya kuruhusiwa, Sinforiana alimwomba daktari amwachishe ile aspirini kabisa.

"Mama, tukiiacha, mshipa waweza kuziba. Tukiiendeleza bila kinga, tumbo litavuja tena. Atameza kimoja tu, kilekile kidogo, pamoja na hiki cha kulinda tumbo kabla ya kula. Na akiona choo cheusi, aseme siku hiyohiyo. Asione haya."

Nguvu zilirudi polepole, na hazikurudi zote. Kila asubuhi Sinforiana alimuuliza habari za choo, hata wageni wakiwepo, naye akajifunza kujibu. Kichupa cha vidonge kilikaa mfukoni mwa aproni ya mkewe. Liborio hakukidai, na Sinforiana hakusema kama amemsamehe.