Jina Mwishoni mwa Uzi

Soipan alibonyeza neno lililopigiwa mstari, kompyuta ikamfungulia ukurasa mtupu. Akabonyeza jingine. Mtupu vilevile. Nje, upepo wa Kitengela ulikuwa ukirusha vumbi madirishani, lakini ndani ya ofisi mlikuwa na kimya cha nyumba iliyohamwa.

Viungo hivyo vya kurasa vilikuwa hai hadi Januari ile ya 2004, alipofariki mwenzake wa kazi aliyevishona. Ukigusa mstari wa programu, unafika kwenye mchoro uliouzaa. Ukigusa mchoro, unafika kwenye ripoti za makosa. Kila kazi ilikaa kwenye chombo chake, lakini zote ziliitana. Kilichozishika ni jina la huyo marehemu, aliloliandika mwishoni mwa kila uzi wa viungo.

Na Soipan alikuwa amelifuta. Kwao kijijini, Mashuuru, aliyezikwa hatajwi. Ukimtaja unamwita, na akiitwa huja. Siku ya tatu baada ya mazishi aliiamuru kompyuta ilitafute jina kila mahali, iweke nukta mahali pake. Lilifutika mara mia nne na kumi na mbili. Akajiona ametenda heshima.

"Wewe, Soipan!" Musila, mwenye ofisi, alisimama mlangoni na simu mkononi. "Wilkister wa josho la mifugo yuko kwenye simu. Ng'ombe mia mbili wako zizini, saa nne anamwaga dawa. Programu yetu inasema amwage lita kumi na nane. Anauliza, ni sawa?"

"Sijui."

"Hujui? Si wewe ndiye ulimalizia?"

"Hesabu ya dawa ilikuwa ya yule mwingine."

"Yule mwingine! Sisi Wakamba tunawataja wafu wetu na usingizi tunapata. Uko na dakika kumi, mama."

Soipan aliandika herufi sita, mahali pamoja tu, kwenye uzi wa dawa: Kakuta.

Mistari ya buluu chini ya maneno ikaamka. Mmoja, kisha mwingine, kisha mingi, hata kwenye madirisha ya kompyuta ambayo hakuyagusa, kama taa za boma linalopokea mgeni. Ukurasa mmoja ukajifungua, wenye maandishi ya marehemu.

*Kina cha josho kwenye mchoro ni futi, programu inasoma mita. Dawa itazidi mara tatu. Ng'ombe hawatatoka hai. Sijarekebisha bado. Atakayefika hapa, azuie kwanza.*

Soipan alimpokonya Musila simu. "Mama Wilkister, usimwage! Itawaua. Pima upya kwa mkono."

"Yawa! Na mtungi nimeshaufungua! Nani amekwambia?"

Angeweza kusema ni kompyuta. Lakini kutomtaja sasa kungekuwa kama wizi.

"Kakuta," alisema kwa sauti.

Kule joshoni ng'ombe walisikika simuni wakilia. Wakanyamaza, wote mia mbili, kwa pamoja.

"Soipan?" Wilkister aliita. "Haloo?"

Soipan alikuwa akimtazama Musila, ambaye dharau ilikuwa imemwisha usoni, naye Musila alikuwa akitazama nyuma ya bega la Soipan.