Kasa wa Vituo Vitatu

Kaltuma hakuwa mwepesi wa kuona kinyaa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa muuguzi katika zahanati moja ya Mambrui, akisafisha madonda ambayo hata wenyewe walioyaugua walikuwa wakigeuza uso. Ndiyo maana mumewe, Amjad, alimcheka alipomwona akijifuta mikono kwa leso mara tatu siku ya kwanza ya safari.

Ilikuwa safari ya kusherehekea miaka ishirini ya ndoa yao: siku tatu ndani ya boti kubwa ya kitalii, kutoka Kilifi hadi Ngomeni, pamoja na wageni wengine kumi. Walipofika Watamu, kituo cha kwanza, boti ilisimama nje ya miamba na Nyale, aliyekuwa akiwaongoza wageni, akajitosa majini. Hakukawia. Aliibuka amemkumbatia kasa mwenye ukubwa wa sinia ya pilau, watu wakashangilia.

"Mshike, Mama Afiya," Amjad alimhimiza. "Lini tena utapata nafasi kama hii?"

Kaltuma aliweka kiganja juu ya gamba. Kasa alifumba jicho, akalifumbua polepole, na Kaltuma, ambaye alizaliwa na kukulia pwani bila kumwona kasa ila kwa mbali, alihisi machozi yakimlenga. "Subhanallah," alisema. Kisha akaona kiganja chake kimejaa utelezi wa kijani, unanuka kama maji ya vyombo vilivyolala bila kuoshwa. Hapo ndipo alipojifuta.

Siku ya pili, kabla ya Malindi, kundi la pomboo lilipita mbali, migongo ikimeta juani. Nusu ya wageni hawakuinua hata macho kutoka kwenye simu zao. Lakini Nyale alipoibuka tena na kasa, wote walikimbilia ukingoni.

"Huyu ni jike," alitangaza. "Yule wa jana alikuwa dume."

Caroline, mama mmoja aliyetoka Nairobi, alimbusu kasa kichwani huku akipigwa picha. Amjad naye akainama, akambusu palepale. Kaltuma hakutazama kichwa. Alikuwa akitazama pezi la kushoto, ambalo lilikuwa na mkato wa mviringo kama bangili, nyama imevimba na kuwa nyeupe, pembeni inachuruzika usaha. Kidonda cha namna hiyo alikijua. Hutokana na kamba. Na jana alikuwa amekiona.

"Baba Afiya, huyu ni yule yule."

"Kasa wote wamefanana, mke wangu. Tulia, ule raha."

Asubuhi ya tatu, boti ikikaribia Ngomeni, upepo uligeuka na kuleta uvundo kutoka nyuma. Kaltuma aliufuata. Alipita mapipa ya mafuta, akainua turubai. Chini yake palikuwa na tangi la plastiki lililokatwa nusu. Maji yalikuwa mazito, ya kijani, na juu yake vilielea vipande vya chapati, chipsi na kinyesi. Ndani yake alilala kasa, pezi limefungwa kamba ya nailoni, nzi wamemjaa machoni. Kaltuma aliziba pua kwa mtandio.

"Shikamoo, mama." Nyale alikuwa amesimama nyuma yake, ameinamisha kichwa.

"Marahaba. Ana muda gani humu?"

"Wiki ya tano. Namshusha upande usio na watu, kisha nazunguka naye chini ya boti. Kasa wa baharini haji kwa ratiba, mama, na wageni wasipomwona mimi ndiye nafukuzwa." Akasita. "Mzee anajua. Jana alasiri alikuja hapa, akaniomba leo nimwibue upande wenu ili apate picha nzuri."

"Mzee gani?"

"Mzee wako."

Amjad alikuwa mezani akila pweza wa nazi, mchuzi ukimetameta kidevuni. Kaltuma alimuuliza mbele ya wote kama alijua.

"Nilijua. Ubaya uko wapi?" alisema, akitafuna. "Nilitaka ufurahi. Si wewe uliyelengwa na machozi pale Watamu?"

Neno hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Aliwageukia wageni, akawaeleza yote: tangi, kamba, usaha. Caroline akauliza, "Sasa kama yupo hapo nyuma, si tunaweza kupiga naye picha ya mwisho kabla hatujashuka?"

Wawili watatu waliitikia kwa vichwa. Kaltuma aliwatazama vinywa vyao, vinavyong'aa mafuta, akahisi kama ni wao waliokuwa ndani ya yale maji mazito.

Alirudi nyuma, akanyoosha mkono kuomba kisu. Badala ya kumpa, Nyale aliikata kamba mwenyewe. Walimnyanyua kasa pamoja, maji machafu yakimmwagikia Kaltuma kifuani na kumwingia mikononi mwa buibui, wakamtumbukiza baharini. Kasa alielea upande upande, kama sahani iliyotupwa. Hatimaye alizamisha kichwa, akaenda kombo akipiga pezi moja.

Makofi yakalia. Wageni wote walikuwa wamejipanga ukingoni, simu juu, wakirekodi. "Mke wangu huyo!" Amjad alipaza sauti. Kaltuma alishika ukingo, akatapika.

Ngomeni alishuka na mkoba wake, asirudi botini kwa safari ya kurejea Kilifi. Kahonzi, mwanamke aliyekuwa akianika samaki, alimpa maji na sabuni bila kumhoji. Alifua buibui mara nne, na bado lilinuka. Akiwa analikamua, simu ililia: Amjad amemtumia video, na chini yake ameandika kwamba watu wanaipenda. Aliifuta bila kuifungua.

Amjad alirudi nyumbani siku iliyofuata, anacheka, akataka kumbusu shavuni. Kaltuma alirudi nyuma hatua moja.

"Bado umekasirika?"

"Ningekuwa nimekasirika ingekuwa rahisi," alisema. "Nakuonea kinyaa, Amjad."

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka ishirini kumwita kwa jina. Alichukua shuka lake, akahamia chumba cha mtoto wao, Afiya, na hadi leo yuko huko.