Sauti Kwenye Chaneli ya Tatu

Siku ya harusi ya dada yake, Betri aliingia kanisani kabla ya mtu mwingine yeyote. Jina hilo alipewa na wanakwaya kwa sababu mifuko yake haikukosa betri, na lilivyomganda, hata mchungaji alikuwa ameshasahau lile la ubatizo. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa sauti wa kanisa. Alifunua mikisa, ile mashine yenye vitufe vingi inayokusanya sauti zote kabla hazijafika kwenye spika, akaifuta vumbi, akachomeka nyaya. Projekta aliiegemeza kwa kipande cha ubao ili picha isikae upande. Ukutani wakatokea dada yake na bwana harusi, wamesimama mbele ya duka la ushonaji, wote wawili wamekunja uso kwa jua.

Bwana harusi alikuwa mshonaji. Gauni la bibi harusi alilishona mwenyewe, na watu walipomwambia kwamba ni mkosi bwana kuliona gauni kabla ya siku yenyewe, alijibu kwamba ingekuwa hivyo, washonaji wote wangekufa makapera. Alikuwa mpole, mwenye subira. Dada mtu alipohamia mji huo alikuwa mjane, hataki hata kuzungumziwa habari za kuolewa, naye mshonaji akamngoja bila kumsumbua.

Mume wa kwanza alifia safarini, basi lilipopinduka na kuwaka moto. Abiria waliungua kiasi cha kutotambulika. Yeye alitambuliwa kwa mabaki ya begi lake tu; familia ikakabidhiwa jeneza lililofungwa, ikazika. Betri alimlilia shemeji yake mpaka sauti ikamkauka, maana ndiye aliyemfundisha kazi hii: jinsi ya kukunja waya bila kuuumiza, jinsi ya kuwinda mluzi wa spika.

Alipojaribu maiki ya mchungaji, ile isiyo na waya, ilikoroma. Akabadilisha betri. Ikakoroma tena. Akaizima kabisa, lakini taa ya chaneli ya tatu kwenye mikisa ikaendelea kucheza kama vile kuna mtu anaongea. Hapo akaelewa. Kwenye uwanja wa nyuma, kikundi cha waimbaji wa injili kutoka mbali kilikuwa kimesimamisha hema tangu jana, na bila shaka maiki zao zilitumia masafa yaleyale. Alishusha spika zote, akavaa hedifoni amsikilize huyo anayemwingilia.

Mwanzoni aliusikia upepo tu. Kisha mtu akakohoa.

"Moja, mbili. Moja, mbiliii." Ile mbili ya pili aliivuta kama anayembembeleza mtoto. Halafu akamwambia mtu aliyekuwa pembeni yake, "Usiguse kitu. Sikiliza kwanza."

Maneno hayo Betri alikuwa ameambiwa na mtu mmoja tu maishani mwake, kwa sauti hiyohiyo. Alijiambia kwamba labda ni kanda ya zamani, labda ni yeye anayeanza kuchanganyikiwa. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akavuka uwanja.

Mtu huyo alikuwa amesimama jukwaani, amempa mgongo. Alikuwa amenenepa, na nywele zilikuwa zimeingia mvi.

"Shemeji," Betri akasema.

Aligeuka, na maiki ikamponyoka. Spika za hema zikatoa mshindo.

Shemeji alimvutia Betri nyuma ya lori la vyombo, akajieleza kwa haraka, macho yakiangalia chini. Siku ile alishuka njiani, kwa mwanamke ambaye hakuna aliyejua habari zake, na begi lake akaliacha garini akidhani angeliwahi basi mbele. Hakuliwahi. Jioni redio ilitaja jina lake miongoni mwa waliokufa. Alitaka kupiga simu. Lakini aliposikia kwamba amekufa, alisema, aliona kama ametuliwa mzigo, akajiambia atapiga kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine. Baadaye hata mwanamke yule alimwacha. Kwamba mkewe alikuwa amehamia mji huu, hakuwa na habari.

Akauliza ni harusi ya nani inayoandaliwa pale kanisani. Betri akamwambia.

Shemeji alitazama upande wa kanisa. "Basi mwache aolewe," akasema. "Mimi nimeshakufa. Usimwambie kitu."

Betri alirudi kanisani. Wageni walikuwa wameanza kuketi. Alijua kwamba kuihamisha maiki ya mchungaji kwenye masafa mengine ni kazi ya kubonyeza tu, na sauti ile ingetoweka. Keshokutwa hema lingeng'olewa. Alimwona mshonaji amepiga magoti kwenye ujia katikati ya viti, ndani ya suti yake, akichomeka pini kwenye pindo la zulia lililoinuka ili mtu asijikwae. Betri akaipita mikisa, akaenda chumba cha wanakwaya.

Alimwomba shangazi yao awapishe. Dada alisikiliza kila neno, ua la kichwani likiwa bado mkononi. Hakulia wala hakuuliza mengi. Alisema, "Nataka kusikia mwenyewe."

Walipotokeza ukumbini watu wote wakasimama, wakidhani ibada imeanza, na mpiga kinanda akaanza wimbo. Bibi harusi akawapita, akaenda mpaka mwisho wa ukumbi, akainama kwenye mikisa na kuvaa hedifoni juu ya shela. Kinanda kikanyamaza. Kule hemani majaribio ya maiki yalikuwa yameanza tena. Alisikiliza, na uso wake ukabadilika kidogo kidogo, ukawa kama wa mtu anayeamshwa kwa kumwagiwa maji.

"Ni yeye," akasema.

Akamwita bwana harusi kwa mkono. Alipofika, akazivua hedifoni na kumvika.

"Huyo ni mume wangu," akamwambia.

Mshonaji alisimama akimsikiliza mtu asiyemjua akihesabu moja, mbili. Akazivua taratibu, akaziweka mezani, akauliza jambo moja tu: angependa asindikizwe?

Walikwenda watatu, mshonaji akiwa ameinua pindo la gauni lisiguse vumbi. Shemeji aliwaona wanakuja, akashuka jukwaani na kupiga magoti, akaanza kuomba msamaha. Dada hakumngoja amalize.

"Kama wewe uko hapa," akasema, "tulimzika nani?"

Tangu aisikie sauti ile, Betri alikuwa amewaza ndoa, aibu, wageni. Kaburi hakuliwaza hata mara moja.

Harusi haikufungwa siku ile. Mchungaji aliwaambia wageni ukweli kwa ufupi, nao wakatoka kimyakimya. Shemeji alikwenda na mshonaji mpaka kituo cha polisi kueleza kwamba yu hai. Ndoa ile ya kwanza ilivunjwa mahakamani, na dada akaolewa na mshonaji wake bila shamrashamra. Lakini kabla ya hayo yote alishughulika na lile swali lake. Mtu aliyenusurika kwenye ajali alikumbuka kijana aliyepakiwa njiani, akapewa kiti kilichokuwa wazi, begi la mwenye kiti likiwa miguuni pake. Kutoka hapo walitafuta kijiji kwa kijiji, mpaka wakampata mama aliyekuwa bado anamwekea mwanawe kitanda.

Vipimo vya damu yake na vya mabaki ya kaburini vilipothibitisha kwamba aliyezikwa ni mwanawe, mama huyo aliletwa makaburini. Betri na dada yake walisimama kando, hawajui waweke wapi mikono. Mama aliusoma msalaba wenye jina la mtu mwingine. Alichuma majani yaliyoota pembeni, akayatupa.

"Mlimlilia?" akauliza bila kugeuka.

"Tulimlilia sana, mama," dada akajibu. "Hatukujua ni yeye, lakini tulimlilia sana."

Mama akaitikia kwa kichwa, akaketi chini, akaanza kulia.